Mahari ya Mwana Sitira

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Chungu?"

"Cha mpishi!"

"Ukuta?"

"Wa mji!"

"Na ulimi?"

"Wa mwenye hadithi!"

Haya, basi niachieni ulimi wangu niutumie. Wewe uliyeegemea nguzo, kaa vizuri. Hadithi hii hailaliwi.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na mji ukiitwa Koleni. Mji wa mawe na chokaa. Msikiti wake mmoja, ukuta wake mmoja, malkia wake mmoja. Malkia huyo jina lake Mwana Sitira binti Shomari. Baba yake hakujaaliwa mtoto wa kiume, akamwachia yeye kiti, ngoma kuu na funguo za lango. Watu wakanung'unika. "Mwanamke! Mwanamke!" Mwana Sitira akawaacha wanung'unike. Mwaka wa kwanza akaamua kesi zao. Mwaka wa pili akazibua visima vyao. Mwaka wa tatu ikaingia njaa, akafungua ghala la baba yake mpaka likabaki na panya tu, na panya wenyewe wakahama. Baada ya hapo hakuna aliyenung'unika tena.

Mume hakuwa naye. Waliomposa walikuwa wengi, wakaja na maneno matamu, wakala halua, wakanawa mikono, na kila mmoja macho yake yalikuwa kwenye kiti, si kwa anayekikalia. Mwana Sitira aliliona hilo na lilimuuma. Nasema lilimuuma, maana watu hudhani malkia hana moyo, ana taji tu.

Sasa sikilizeni. Mwendo wa siku tatu kutoka Koleni kulikuwa na mji wa Vumbeni, na Vumbeni kulikuwa na Fumo Makame. Fumo, kwa watu wale, ndiyo kusema mfalme. Mtu wa miraba minne, sauti nene, na kiburi cha kumtosha yeye na jirani zake. Na alikuwa na siwa. Mnaijua siwa? Baragumu la pembe ya ndovu, refu kumshinda mtoto anayeanza chuo cha Kurani. Siwa ya Vumbeni ndiyo iliyokuwa enzi yenyewe. Ikilia mara moja, askari husimama. Ikilia mara mbili, hupiga vita. Ikilia mara tatu, hurudi kwao. Askari wa Vumbeni hawakula kiapo kwa mtu. Walikula kiapo kwa siwa na kwa mwenye siwa. Na Fumo Makame hakuingia popote, iwe barazani, iwe shambani, iwe nyumbani kwa mama yake mzazi, ila siwa imetangulia. Hata kuoga, walisema watu. Hilo mimi sikuliona.

Siku moja siwa ya Vumbeni ikalia nje ya ukuta wa Koleni. Ikalia mara moja. Askari wakasimama. Wakasimama wapi? Juu ya visima! Kwa maana mababu wa Koleni, Mungu awarehemu, walijenga ukuta mzuri wakaacha visima nje.

Akaja mjumbe, akasimama chini ya lango, akapaza sauti:

"Fumo Makame anasema: Mwana Sitira, olewa na mimi, mji wako uwe wangu kwa heshima. Kataa, mji wako uwe wangu kwa moto. Nyamaza, mji wako uwe wangu kwa kiu."

Wazee wakakutana. Waziri wa mji, Mwinyi Hatibu, ndevu nyeupe, kanzu nyeupe, roho sijui rangi gani, akasimama.

"Mwana," akasema, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Olewa, uende naye Vumbeni. Huko ndiko desturi yao, mke humfuata mume. Sisi wazee tutakuangalizia mji."

Tutakuangalizia! Mmesikia hayo? Paka amejitolea kuangalia kitoweo.

Mwana Sitira akainuka, akaenda ndani kwa Bi Mize. Bi Mize alikuwa somo yake, mwanamke aliyemfunda tangu alipovunja ungo, akamfunza kuvaa, kunyamaza, na wakati wa kutonyamaza.

"Somo," akauliza, "maji yaliyomo mjini yatatosha siku ngapi?"

"Tisa. Kumi, kama Mwinyi Hatibu ataacha kuoga mara mbili."

"Nisipoolewa, watoto watakufa kwa kiu. Nikiolewa kwa desturi ya Vumbeni, nitabebwa kama mzigo, na siku nitakayotoka langoni, Koleni imekwisha."

"Unaogopa, mwanangu?"

"Naogopa, somo. Magoti yananitetemeka, tazama."

Bi Mize akatazama. Kweli yalikuwa yanatetemeka.

"Sasa?"

"Sasa nitaolewa," akasema Mwana Sitira. "Lakini nitaolewa hapa, nyumbani kwangu, na magoti yatetemeke yakipenda."

Jamani, lazima niwaeleze desturi ya Koleni, msije mkaniuliza mbele ya safari. Koleni, binti hajengewi nyumba na mume. Baba humjengea binti yake nyumba ya mawe, na mume ndiye anayehama. Huja na nguo zake na adabu zake. Akishaingia hukaa fungate, siku saba, yeye na mkewe, silaha ziko nje, na bwana harusi havuki kizingiti mpaka siku ya saba. Akivuka kabla, ameivunja ndoa kwa mguu wake mwenyewe, na mahari yanabaki kwa mke. Ndivyo ilivyokuwa kwa masikini, ndivyo ilivyokuwa kwa tajiri.

Mwana Sitira akamwita mjumbe, akampa maneno matatu ya kumpelekea bwana wake.

Neno la kwanza: "Nimekubali kuolewa. Harusi iwe Koleni, kwa desturi ya Koleni, na fungate itimie siku saba."

Fumo Makame akacheka. "Siku saba za kula na kulala? Mwambie nimekubali."

Neno la pili: "Visima viachwe watu wanywe. Harusi haichezwi na watu wenye kiu."

Fumo akacheka zaidi. "Wanywe! Maji yenyewe yameshakuwa yangu. Mwambie nimekubali."

Neno la tatu: "Mahari yangu ni kitu kimoja tu. Kitakachovuka kizingiti changu mbele ya bwana harusi, siku ya kuingia kwake. Kiwe kikubwa, kiwe kidogo. Kitakachotangulia ndiyo mahari yangu, mali yangu halali, wala nisiulizwe."

Hapo Fumo akacheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu amezoea njaa! Binti wa kifalme na mahari ya kijungujiko! Tayarisheni chetezo cha fedha kitangulie na udi wake. Mwambie nimekubali, na mashahidi waandikwe, watatu wa kwake, watatu wa kwangu, asije akasema nimempunja."

Mashahidi wakaandikwa. Mambo ya maandishi hayo, ndugu zangu, yapeni heshima.

Siku ya nikaha kadhi akaja nyuma ya pazia, akamuuliza bibi harusi kama ameridhia. Mwana Sitira kimya. Akamuuliza mara ya pili. Kimya. Mwinyi Hatibu huko nje jasho likamtoka, maana Fumo alishamnong'oneza kwamba mji ukishachukuliwa, yeye ndiye atakayeukalia kwa niaba ya Fumo. Kadhi akauliza mara ya tatu.

"Nimeridhia," akasema Mwana Sitira, na sauti yake ilisikika mpaka uani, "kwa mahari niliyoyataja."

Haya, nikaha imepita. Sasa bwana harusi anaingia. Ngoma zinalia, askari wa Vumbeni wamejipanga mistari miwili toka langoni mpaka mlangoni, na mlangoni amesimama nani? Bi Mize, na wanawake wa mji mzima nyuma yake, kila mmoja na ulimi wake.

Mbele kabisa anakuja mbeba chetezo, moshi wa udi unafuka. Nyuma yake Fumo Makame, joho limetarizwa dhahabu, anatembea kama ardhi inamshukuru. Chetezo kikakaribia kizingiti. Bi Mize akapiga makofi.

"Jamani njooni muone! Fumo wa Vumbeni anafuata moshi!"

Wanawake wakaangua kicheko. "Anafuata moshi! Anafuata moshi!" Na askari nao, ingawa walijizuia, wawili watatu wakatoa meno.

Fumo akakunja uso. "Rudisheni chetezo nyuma. Leteni sinia la nguo litangulie."

Sinia likaja, limejaa hariri. Likakaribia kizingiti.

"Aaa!" akasema Bi Mize. "Kumbe tulikosea. Hatukuposwa na mfalme, tumeposwa na mchuuzi! Mwenye vitambaa, karibu, pima mikono miwili, una rangi ya zambarau?"

Safari hii hata mpiga ngoma alikosa pigo. Mistari yote miwili ikacheka, na askari mmoja akaegemea mkuki wake asianguke. Fumo Makame uso ukamwiva. Miaka thelathini hakuna aliyemcheka, na sasa wanamcheka wanawake, mbele ya jeshi lake, siku ya harusi yake.

"Leteni siwa!" akanguruma. "Siwa itangulie!"

Mpiga siwa alikuwa mzee mtulivu. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bwana wangu, kumbuka mahari."

"Mahari gani?" akafoka Fumo. "Nani atathubutu kuidai siwa ya Vumbeni? Nani? Tangulia!"

Ndani, Mwana Sitira alikuwa amekaa kitandani kwa mapambo yake, ameyasikia yote. Alisikia moshi ukichekwa, akasikia hariri ikichekwa. Sasa akasikia nyayo za mzee zinakuja polepole. Akafumba macho. Akazishika bangili zake zisilie. Nyayo zikafika kizingitini, zikasimama, zikavuka.

Vigelegele vya Bi Mize siku ile, nasikia, vilimzindua kiziwi.

Fumo naye akavuka, mlango ukafungwa. Wanawake wakaipokea siwa kwa heshima zote, wakaifunga kwa kitambaa cheupe, wakaiweka chumba cha ndani. Ufunguo ukaenda kiunoni kwa Mwana Sitira.

Siku ya kwanza Fumo akala pilau, akalala.

Siku ya pili akaamka, akajinyoosha, akasema, "Haya mke wangu, fungate tumeionja. Mwambie mzee wangu aitoe siwa aipige mara mbili, askari wangu washike lango."

"Siwa ipi, mume wangu?"

"Siwa yangu."

"Hapa ndani hamna siwa yako," akasema Mwana Sitira. "Kuna mahari yangu."

Ndugu zangu, mtu huweza kupigwa bila kuguswa. Fumo Makame akapiga kelele zilizotikisa vikombe rafuni. Akamwita mpiga siwa. Mzee akaja, akainama, akasema, "Bwana wangu, nilikukumbusha. Nilivuka nayo kwa amri yako, mashahidi wako watatu wakiona. Nimekula kiapo kwa mwenye siwa, na mwenye siwa sasa ni huyu." Fumo akaenda mlangoni. Nje amekaa kadhi kwenye mkeka, anasoma, akamwambia bila kuinua macho, "Kuvuka kabla ya siku ya saba ni kuvunja ndoa, na mahari ni ya mke." Fumo akaenda dirishani, akawapigia askari wake ukelele: "Ingieni! Shikeni lango!" Askari wakaangaliana. Mmoja akasema, "Kuna mtu anaguta huko." Mwingine akasema, "Siwa haijalia." Wakarudi kwenye pilau yao, kwani Koleni walikuwa wanawalisha vizuri sana.

Siku ya tatu hakula.

Siku ya nne akakaa ameelekea ukutani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mwana Sitira akamwona. Hakumcheka wala hakumbembeleza. Akamwekea maji karibu, akaenda zake.

Siku ya tano Fumo akasema, bila kugeuka, "Ungeweza kunitilia sumu."

"Ningeweza."

"Mbona hukunitilia?"

"Ningepata maiti na vita. Mimi nataka mji wangu."

Fumo akageuka, akaanza kuzungumza, ile sauti nene imekuwa sauti ya mtu. Akamwambia kwamba baba yake alipokufa yeye alikuwa na miaka tisa. Wakamsimamisha nyuma ya siwa, na toka siku ile watu wakiingia wanaitazama siwa, wakitoka wanaitazama siwa. "Nadhani," akasema, "ningekufa wakaweka mtu mwingine nyuma yake, ingewachukua mwezi kutambua."

Mwana Sitira akamsikiliza. Aliwakumbuka wale wachumba wa halua, na macho yao kwenye kiti. Kitu kikamlegea kifuani. Akakikaza mara moja. Hakuwa na nafasi ya kulegea, na jeshi bado liko nje.

Siku ya sita wakacheza bao. Mwana Sitira akamfunga mara moja, akamfunga mara mbili, akamfunga mara tatu. Mara ya tatu Fumo Makame akacheka, kicheko cha kweli, si kile cha kumcheka mtu. Mwana Sitira naye akacheka. Bi Mize alisikia akiwa nje, akaacha kutafuna tambuu.

Siku ya saba.

Watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Askari wa Vumbeni wamesimama wakisubiri amri. Mwinyi Hatibu amekuja na joho jipya, ameshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Mlango ukafunguliwa. Wote wakanyoosha shingo waone nani atatoka mbele.

Akatoka Mwana Sitira. Nyuma yake mpiga siwa, na siwa mikononi.

Akapanda juu ya lango. Akawatazama wale askari, wengi kuliko watu wake, na magoti yakaanza yale mambo yao. Akayaacha. Akasema, "Mzee, piga. Mara tatu."

Siwa ikalia. Ikalia. Ikalia.

Askari wa Vumbeni wakainua mikuki begani, wakageuka, wakashika njia ya kwao. Hivyo hivyo. Mamia kwa mamia, wakaviacha visima, wakapita mashambani, vumbi likawafunika.

"Mwinyi Hatibu," akaita Mwana Sitira. "Naona umeshona joho la safari. Wakimbilie, usiachwe nyuma."

Na akawakimbilia, ndevu zikipepea. Huyo tumemalizana naye.

Fumo Makame alikuwa kizingitini ameliona yote. Aliwaangalia askari wake wanavyokwenda, mmoja mmoja. Aliokua nao tangu utoto, aliowaoza, aliowazikia baba zao. Alikuwa anangoja mmoja ageuke amtafute. Hata mmoja hakugeuka.

Mwana Sitira akashuka, akamjia.

"Fungate imekwisha," akamwambia. "Siwa sikurudishii. Kiti sikupi. Mji huu una mwenyewe, na nyumba hii ina mwenyewe. Ukitaka kwenda, nenda, njia ni nyeupe, nitakupa punda na chakula. Sikufukuzi, sikushiki."

Akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Fumo akatoka. Akatembea mpaka langoni, peke yake, hakuna kilichotangulia mbele yake ila kivuli chake. Akasimama. Akaitazama njia ya Vumbeni. Akakaa pale mpaka jua likapanda utosini, kivuli nacho kikaisha. Kisha akageuka, akarudi mpaka mlangoni kwa Mwana Sitira.

"Hodi," akasema.

Ndani kimya. Mwana Sitira alikuwa nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo.

"Hodi."

Bi Mize akamtazama bibi yake, akainua nyusi. Na nyinyi mnaijua desturi, hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hugeuka akaenda zake bila kinyongo. Mwana Sitira akawaza: huyu aliyesimama nje hana jeshi, hana siwa, hana kiti. Nikimwacha aende, sitapungukiwa na kitu. Nikimkaribisha, nitamkaribisha kwa sababu nataka mwenyewe. Akajiuliza kama anataka. Akajijibu.

Nje, sauti ikasema kwa mara ya tatu:

"Hodi, mwenye nyumba."

Mwana Sitira akaliinua komeo kwa mkono wake.

"Karibu," akasema.

Hadithi yangu nimeitua hapo, begani naona pepesi. Aliyeipenda aibebe akamwekee mwenzake. Aliyeichoka aiache pale pale alipokaa, atakuja wa kuiokota.